Sukari Iliyoanikwa na Omena

Jumatatu, 23 Machi

Mvua ya masika imeanza leo mchana na sukari yangu imeanza kulia. Sitii chumvi. Maua ya sukari niliyoyafinyanga jana kwa ajili ya harusi ya Nyalenda yalikuwa makavu asubuhi, ukiyagonga mezani yanatoa sauti. Kufika alasiri yalikuwa yanatoka jasho, na moja lilininata kidoleni nikalazimika kulilamba. Kila masika napata hasara hii, nalaani, najifunza jambo, kisha kiangazi kikija nasahau nililojifunza. Mwaka huu nitaandika mpaka mvua iishe. Hali ya hewa, hali ya sukari, basi.

Kwa yeyote atakayeokota daftari hili: mimi ni Zamzam wa Kaloleni, Kisumu, na hakuna anayepamba keki kunishinda kutoka hapa hadi Ahero. Naandika hivyo bila haya kwa sababu ni kweli. Wa kunibishia ni mume wangu Bakari peke yake, naye hawezi kusoma mwandiko wangu. Anasema ni kama kuku amepita.

Jumatano, 25 Machi

Mvua ya asubuhi. Sukari inashika vidole.

Mteja mpya. Anaitwa Lornah, anafanya kazi katika ofisi ya bima mjini. Alifika mlangoni na viatu safi licha ya matope yote haya, na kwa sababu hiyo sikumpenda. Hata kiti hakukikalia, funguo za gari mkononi.

"Nataka cupcake ishirini na nne, za birthday ya mtoto. Sixteenth May. Anafikisha miaka nane. Theme ni ziwa."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Apiyo."

Nikauliza kama mtu yeyote wa mji huu angeuliza: "Na Adongo? Yeye zake ni za nini?"

Babu zangu walikuja na reli kutoka pwani, lakini mimi nimezaliwa hapa na Dholuo nimejifunzia kwenye mfereji wa maji. Mtoto haitwi Apiyo kama alizaliwa peke yake. Apiyo ni pacha aliyetangulia, Adongo ni pacha aliyefuata. Na hapa kwetu humpi pacha mmoja kitu ukamwacha mwenzake. Mama yangu akinunua pipi kwa ajili ya mapacha wa jirani, alinunua mbili za rangi moja, na moja ikianguka alirudi dukani kununua nyingine mbili.

Lornah alitazama funguo zake. "Ni Apiyo tu."

Nikaweka mkono kifuani. "Pole sana, mama. Mungu amlaze..."

"Hajafa!" Alisema kwa sauti hadi akashtuka mwenyewe. "Ako kwa babake. Usenge."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Waliachana Agosti, mama akapata kazi huku akaja na Apiyo, baba akabaki kule na Adongo. Tangu hapo wasichana hao hawajaonana.

"Na siku hiyo Adongo atakuja?"

"Mama Rayyan, mimi nimekuja kuagiza keki."

Rayyan ni mwanangu, yuko chuoni Nakuru. Nikaandika aliyoyataka mtoto: samaki ngege, mashua, omena (dagaa wa huku) zimeanikwa kwenye neti, na kuku wa dani yake, yaani bibi mzaa baba. Kuku mwekundu asiye na mkia. Huyo kuku nimempenda tayari. Mama mtu, hapana.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Karatasi za vikombe zimevimba kabatini.

Jumapili, 29 Machi

Nimefinyanga ngege wa kwanza. Niliiga picha ya kwenye simu, nikamwekea kope ndefu na midomo myekundu, nikamwonyesha Bakari.

"Huyu anaolewa lini?" akauliza.

Nimemnyoa kope. Sasa anafanana na samaki wa ufukwe wa Dunga, ana macho ya mtu aliyeudhiwa. Ndivyo anavyopaswa kuwa.

Jumatano, 8 Aprili

Jua kidogo, kisha radi. Sukari: afadhali.

Leo nimepigiwa simu na mwanamume, upepo mwingi nyuma yake.

"Naongea na Mama Rayyan wa keki? Mimi naitwa Calvince. Niko Usenge, nanunua omena hapa beach. Mwalimu mmoja wa Bondo amenionyesha picha ya kazi yako. Msichana wangu anafikisha miaka nane, tarehe kumi na sita mwezi wa tano."

Nikakaa juu ya gunia la unga.

"Anaitwa nani, baba?" Nilijua, lakini nilitaka kusikia.

"Adongo."

"Na Apiyo je?"

Upepo ukavuma kwenye simu. "Mama, Apiyo umemjulia wapi?"

"Kwani Adongo alizaliwa peke yake?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Apiyo ako na mamake. Tuliachana, tukagawana vitu. Yeye akachukua friji, mimi nikabaki na viti. Watoto pia ikawa hivyo."

Alisema kwa upole, mtu mwenye adabu kabisa, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Nikamuuliza mtoto anataka keki za nini.

"Anataka Kisumu. Ati ile roundabout, taa za barabara, boda boda amevaa reflector, na ile ngazi ya supermarket inapanda yenyewe. Sijui hiyo utatengeneza aje."

"Mimi natengeneza chochote," nikamwambia. Sikumwambia kwamba oda ya pacha wake iko ukutani mbele yangu. Aliyeko mjini ameagiza ziwa, aliyeko ziwani ameagiza mji. Kila mmoja anataka kula mahali anapolala mwenzake.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemweleza Bakari nilivyoamua: hizi ni keki za sherehe moja. Sijui itakuwaje, lakini itakuwa.

"Zamzam," akasema, "wewe ni mpishi wa keki. Hujawa kadhi."

"Kadhi angewapa tarehe ya mwezi wa kumi."

"Wakikasirika wote wawili?"

"Watakasirika pamoja. Ni mwanzo."

Akatikisa kichwa, akaenda kurekebisha feni ya jirani. Nimeanza kufinyanga kila kitu kwa jozi. Ngege wawili wawili, boda boda wawili wawili. Mama yangu angefanya hivyo hivyo.

Jumanne, 14 Aprili

Manyunyu. Sukari inasitasita.

Shule zimefungwa, Lornah amekuja na Apiyo aonje keki. Mtoto mwembamba, ameng'oka jino la mbele, anasalimia kwa mikono miwili. Nilimpa keki ya vanila yenye krimu ya buluu. Aliishika, akaitazama, akaikata katikati kwa vidole taratibu, krimu ikigawanyika sawasawa. Akala nusu. Ile nusu nyingine akaifunga kwa tishu na kuitia mfukoni mwa sweta.

"Haijakupendeza?" nikauliza.

"Imenipendeza."

"Sasa mbona hiyo unaiweka?"

Alienda mlangoni kutazama bata wa jirani. Mama yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

"Hivyo ndivyo hukula. Mkate, chapati, biskuti, kila kitu nusu. Ingine anaweka kwa droo yake. Mimi kila jioni natoa, natupa, kabla iote ukungu. Hatuongeangi hiyo maneno."

Nilitaka kumkaripia. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilimwona anavyoushika ukingo wa meza yangu, nikatambua kwamba mwanamke huyu anatupa nusu za mkate wa mtoto wake tangu Agosti, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu. Nikampa kiti. Leo alikaa.

Alhamisi, 16 Aprili

Msiba.

Mvua ilikatika alasiri, kukawa na joto, na mimi kwa ujinga wangu nikaacha dirisha wazi ili hewa ipite juu ya trei. Giza lilipoanza kuingia Bakari akawasha taa. Dakika chache tu. Tulikuwa sebuleni tunakunywa chai tuliposikia kama mtu anamwaga mchele. Sam! Wale wadudu wadogo wa ziwa ambao baada ya mvua huinuka kama moshi na kufuata taa popote iliko. Walijaa dirishani, ukutani, kwenye nywele zangu, na wote waliotua kwenye sukari walinata hapo hapo.

Ngege wangu wameota manyoya. Mashua ni nyeusi. Ngazi ya supermarket, kazi ya siku tatu, ya vipande vyembamba kama kucha, imekuwa kitu ambacho hata sijui nikiite nini. Nilijaribu kuwabandua wadudu kwa brashi, wakaacha mabawa.

Nimelia. Naandika kwa sababu daftari hili ni la ukweli. Nililia mimi, mama wa miaka arobaini na nane, juu ya boda boda wa sukari. Bakari akasimama na ufagio, akasema, "Utafinyanga wengine. Wale wa kwanza huwa wa mazoezi." Ndiyo maana niliolewa naye.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefinyanga upya. Haikauki.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Haikauki.

Jumanne, 21 Aprili

Nimeweka trei juu ya friji, chini ya kitanda, na kando ya oveni. Kando ya oveni kuku wa sukari aliyeyuka akalala ubavu. Haikauki.

Alhamisi, 23 Aprili

Pikapu ya Calvince huleta omena sokoni Kibuye kila Alhamisi. Nilimwambia nataka kuiona njia ya Usenge kabla sijabeba keki juu yake, na hilo lilikuwa kweli nusu. Alinichukua sokoni, nikakaa mbele na trei mbili magotini, kwa maana Usenge kuna upepo na mtu asiye na pa kuanika hachagui. Yeye mwenyewe ni mrefu, mwenye haya, anaendesha polepole kwenye mashimo akiogopea sukari yangu.

Kule kulikuwa na jua! Ufukwe mzima umetandikwa neti, omena zinang'aa, na mama yake Calvince, Mama Jacinta, anazigeuza kwa ufagio wa vijiti. Ana kichanja cha miti nyuma ya nyumba, cha kuanikia zile za kula nyumbani.

"Weka zako hapo," akaniambia. "Kwa hii upepo, kufika saa nane zimekauka kama mfupa."

Nikaziweka, nikazifunika kwa chandarua. Kuku mwekundu asiye na mkia akaja kunikagua. Ni yeye kabisa.

Adongo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ule ule wa Apiyo ila meno yote yapo na macho ni ya mtu anayetaka ugomvi. Nilimpa keki. Aliila yote, akalamba karatasi, akaniambia krimu imezidi sukari. Nikamwambia yeye ndiye wa kwanza kulalamika. Akasema basi wengine wanaogopa. Nilimpenda.

"Nasikia una pacha," nikasema.

"Sina."

"Adongo!" Dani yake akaacha ufagio.

"Sina. Aliingia kwa gari akaenda. Nilisimama pale kwa gate nikipunga mkono. Hakugeuka. Hata kidogo." Akashuka kwenye ndoo akaenda zake kando ya maji kurusha mawe.

Calvince alitazama mbali. "Nimemnunulia baiskeli," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. "Anaiendesha tu hapa kwa mchanga."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani kazi yangu ni kuwashinda wazazi wawili, na wazazi nawaweza. Sikujua kwamba mmoja wa watoto amefunga mlango mwenyewe. Njiani kurudi nilikumbatia trei zangu, nikahesabu mashimo.

Sukari: imekauka kama mfupa.

Ijumaa, 24 Aprili

"Leo tunakula omena?" Bakari akauliza alipoingia.

"Hatuna omena."

Tukatazamana. Nikafungua boksi. Yaa Rabi. Ngege, mashua, boda boda, taa za barabara, kila kitu kinanuka omena. Ningewezaje kusahau? Sukari hunyonya harufu. Kitunguu kikikatwa chumba cha pili, yenyewe inajua. Na mimi, Zamzam, fundi kuliko wote hadi Ahero, nimeianika siku nzima kando ya omena.

Jumapili, 26 Aprili

Nimejaribu vanila. Sasa zinanuka omena ya vanila. Limau: omena ya kukaanga. Nimefunga boksi. Nikiweza nitafinyanga nyingine.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Haikauki.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Nyalenda maji yameingia majumbani. Haikauki.

Jumatano, 6 Mei

Nimewapigia wote wawili. Niliwaambia mnayo oda moja kwangu, ya watoto wawili, tarehe moja, na mimi ni mmoja. Siwezi kuwa Kisumu na Usenge saa ile ile katika mvua hii. Nitapeleka keki zote mahali pamoja. Mahali mtachagua ninyi.

Calvince alisema kwa upole wake ule ule, "Mimi niko tayari, mama. Hata leo. Lakini Adongo atakataa kutoka nje. Na Lornah hawezi kukanyaga hapa."

Lornah hakuwa na upole. Alisema nimeingilia nyumba yake. Alisema mtu akipewa kazi ya keki afanye keki. Alisema kama Apiyo akipelekwa kule kisha arudishwe, nani atamnyamazisha wiki ile, mimi? "Cancel hiyo order. Nitanunua kwingine."

Simu ikakatika. Bakari hakusema "nilikuambia". Alinimiminia chai. Ingekuwa afadhali aseme.

Huenda Lornah ana haki. Naliandika hili mara moja, sitalirudia.

Jumamosi, 9 Mei

Mawingu, bila mvua.

Lornah amekuja mwenyewe kufuta oda kwa adabu, kwa sababu kwenye simu alikuwa amepiga kelele na yeye si mtu wa kelele. Viatu vyake vilikuwa na matope leo. Apiyo alikuwa naye. Tulikuwa tunaombana radhi pale mlangoni, mimi naye, kila mmoja kwa kiburi chake, na hakuna aliyemwangalia mtoto. Akapita chini ya mkono wangu akaingia jikoni.

Tulipomfuata alikuwa amefungua lile boksi la omena. Alikuwa ameinamisha uso ndani yake, wote, hadi mashavu.

"Apiyo! Toka huko!" mama yake akasema.

Apiyo akainua uso, ana unga wa sukari puani. "Mama, hizi zimetoka kwa dani."

"Hizo ni za huyu mama."

"Hapana. Nusa. Ni kile kichanja chake." Akaleta ngege mmoja kiganjani, akamwinulia mama yake hadi usoni. "Nusa, Mama. Nusa tu."

Lornah akanusa. Huyu ni mwanamke aliyeolewa Usenge miaka kumi, aliyeamka na mkwewe kugeuza omena, aliyejifungua mapacha katika nyumba yenye harufu ile. Nilimwona akifumba macho. Akarudisha ngege kwenye kiganja cha mtoto taratibu, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akalia. Apiyo akasimama katikati ya magoti yake akimpapasa kichwa kama yeye ndiye mkubwa.

Nilikaa kimya. Ndiyo, mimi.

Baadaye akafuta uso. "Hiyo njia ya Usenge," akasema, "gari ndogo inapita sasa?"

"Ukienda polepole inapita."

"Na keki nani atashika?"

"Mimi," nikasema.

Ijumaa, 15 Mei

Nimeoka arobaini na nane. Ngazi ya supermarket imesimama. Kuku ana kiburi chake chote. Yeyote atakayesema zinanuka samaki, aende akale mkate.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua hadi Bondo, kisha mwanga.

Lornah aliendesha, mimi nyuma na maboksi, Apiyo kando yangu kwa gauni la njano. Baada ya Bondo alisogea karibu nami. Alikuwa ameshika mkono wangu na sidhani alijua ni wa nani.

Mama Jacinta alikuwa ameweka meza chini ya mabati na kutandika kitambaa cha krosheti. Alimtazama Lornah akishuka, nami nikajiandaa kwa maneno. Akasema tu, "Umekonda, nyathina. Ingia," yaani mwanangu, na Lornah akaingia. Calvince alisalimia kwa mbali, mikono nyuma. Walikuwa kama watu waliokutana kwenye matanga, lakini walisalimiana.

Adongo hakuwepo. Alikuwa amejifungia jikoni, ile nyumba ndogo ya nje. Baba yake alibisha, akarudi. Dani yake akabisha, akarudi. Apiyo akaenda kusimama pale mlangoni kwenye matope, gauni la njano na yote.

"Adongo."

Akabisha kwa kidole kimoja.

"Nimekuja."

"Nani amekuita?" sauti ikatoka ndani.

Apiyo akarudi mezani akiuma mdomo. Mimi nilipanga keki, maana mikono yangu haijui kufanya kingine. Ziwa upande huu, mji upande ule. Nilipanga vizuri sana. Nilikuwa na hofu na nilipanga vizuri sana.

Halafu yule kuku. Yule mwekundu asiye na mkia. Alikuwa ananizunguka tangu nishuke, nami nikadhani ananikumbuka. Kumbe ananusa! Amelelewa kwa omena zinazoanguka kutoka kwenye kichanja, na hapa meza nzima inanuka kichanja. Aliruka mara moja, akatua katikati ya Kisumu, akakanyaga roundabout, akavuka hadi ziwani na kunyakua ngege mmoja mzima.

"Kuku!" akapiga kelele Apiyo.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa teke. "Amebeba nini? Zuia huko! Apiyo, zuia huko!"

Apiyo akazuia. Adongo akatokea upande wa pili. Kuku akapita katikati na ngege mdomoni, na wote wawili wakamfuata, wakazunguka nyumba, wakapita chini ya nguo zilizoanikwa, mmoja kushoto mmoja kulia bila kuelekezana. Waliwahi kumkamata kuku huyo mara nyingi maishani mwao, hilo lilionekana. Walirudi wamemshika kila mmoja bawa moja. Ngege alikuwa ameshaliwa kichwa.

Ndipo wakakumbuka. Adongo akaachia bawa.

"Uliondoka na hukugeuka," akasema.

"Mama aliniambia nisigeuke." Apiyo alikuwa anahema. "Alisema nikigeuka nitalia. Nikakaa hivi, naangalia mbele." Akaonyesha, shingo imenyooka. "Nililia tu. Mpaka Bondo."

Nyuma yangu nilimsikia Lornah akivuta pumzi. Calvince alikuwa karibu naye, na hakumgusa, lakini alisogea asimame mahali ambapo angeweza.

Adongo alimtazama dada yake kwa muda mrefu, akimpekua uso kama mtu anayehakiki mizigo. "Jino limeenda wapi?"

"Liling'oka."

"Bila mimi?"

Apiyo akamwachia kuku. Akaenda mezani na mikono yake michafu, akachukua keki ya ngazi, ile niliyoiunda mara mbili, na kabla sijafungua mdomo akaikata katikati. Vipande vya ngazi vikalia kwenye vidole vyake. Akanyoosha nusu moja.

Adongo akaipokea. Akaishika mbele ya macho, akatazama na ile nyingine.

"Yangu ni ndogo."

"Wewe ndiye mdogo."

"Umenitangulia kidogo tu!"

"Lakini nilitangulia."

"Leta tuzipime."

Wakaanza kugombana pale pale kwa Dholuo, haraka haraka, krimu ikiwatiririka viwikoni, na Calvince akapiga hatua kwenda kuwaamua. Mama yake akamshika shati.

"Wacha hao," akasema. "Hii nyumba ilikuwa kimya sana."

Jumanne, 19 Mei

Mvua nyepesi. Sukari: sijaangalia.

Kwa ajili ya masika ijayo: dirisha lifungwe kabla ya taa. Oveni si mahali pa kukaushia kuku. Sukari isianikwe karibu na omena. Nimelisoma hilo la mwisho mara mbili, nikalifuta.

Mama Apiyo amepiga simu jioni hii. Viatu na ofisi na kila kitu, lakini sasa hunipigia bila sababu. Anasema Adongo anakuja Jumamosi kupanda ngazi ya supermarket, Calvince atamleta, na wikendi itakayofuata Apiyo ataenda. Wao wawili bado hawana neno, ila wamekubaliana juu ya Jumamosi. Kisha akasema alipofika kutoka kazini alienda kwenye droo ya mtoto kama kawaida, na tishu yake mkononi.

"Kulikuwa na nini?" nikauliza.

"Penseli," akasema. "Mama Rayyan, amekula mkate wote."